Maneno Kumi na Mawili: Karatasi Aliyopewa Mama

Mkono uliomkamata Dada Mkubwa kwa nyuma, kidole chake kikiwa tayari juu ya mausi ya kompyuta, ulikuwa na kucha nyekundu zilizobanduka rangi.

Kucha hizo anazijua. Roho ikamrudi.

"Mwiba! Unataka kuniua?"

"Ningetaka kukuua ningekuacha ubonyeze," mdogo wake akasema. "Na umejifungia kweli wewe? Mlango wa mbele kufuli mbili, wa nyuma umeuegemezea ndoo. Ndoo, dada! Mwizi akija apige deki?"

"Nilikuwa napakua ile pochi ya sarafu za mtandaoni."

"Hii hapa?"

"Ndiyo ya kwanza kutokea nilipotafuta."

"Ya kwanza kutokea! Na mwanaume wa kwanza kutokea ungeolewa naye?" Mwiba akagonga kioo cha kompyuta kwa ukucha. "Ona hapa juu, kwa maandishi madogo. Tangazo. Mtu amelipia akae juu ya wenye pochi yao ya kweli. Ungebonyeza, ungepata pochi inayofanana kabisa, ungeweka mali yako, na yeye angeifungulia kwake huku anakunywa soda."

Dada Mkubwa akaangalia kidole chake kama cha mtu mwingine. Mgongo mzima ulikuwa umelowa jasho.

Ambaye leo ndiyo kwanza anakaa nasi, asogee nimwambie haraka haraka, maana mchana huu hauna subira.

Dada Mkubwa ana duka la fotokopi. Mwiba, mdogo wake, anauza laini za simu chini ya mwavuli, na jina hilo amepewa kwa ajili ya mdomo wake. Baba yao alikuwa fundi kwenye bandari ya nchi ya mbali. Akafia huko. Alirudishwa kwenye sanduku la bati lililochomelewa pande zote, likiwa na karatasi iliyosema lisifunguliwe, na aliyelisindikiza ni rafiki yake wa kazini, mwendesha kreni. Watoto wanamwita Mzee Kreni.

Ni huyo Mzee Kreni aliyepiga simu baada ya matanga. Akasema baba yenu alikuwa anaweka akiba yake kwa sarafu za mtandaoni, ninazo mimi, fungueni pochi kwenye kompyuta nzuri, safi, niwatumie. Akaondoka kurudi kazini ng'ambo.

Na Mama anapofuka. Presha ya macho. Jicho la kulia limeshaondoka, la kushoto linamwonyesha dunia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari amesema Ijumaa wampasue au wasimsumbue tena. Kliniki inataka malipo kabla ya kisu.

Mama mwenyewe haambiwi habari za sarafu. Walikubaliana hivyo dada hawa wawili. Wasimpe tumaini halafu walichukue.

Kosa lao lilianzia hapo. Mtaona.

*

"Andika anwani kwa mkono," Mwiba akasema. "Ile aliyokutajia Mzee Kreni. Usitafute, andika."

Dada Mkubwa akaandika. Ukurasa ukafunguka, mtupu mtupu, hauna hata mapambo.

"Mbona mbaya hivi?"

"Wa kweli hawana haja ya kujipodoa. Pakua."

Faili likashuka. Kabla ya kulifungua, wakahakikisha ile alama yake, mstari mrefu wa herufi na tarakimu unaoonyesha kuwa faili halijachezewa njiani. Mwiba akasoma ya kwenye ukurasa, Dada Mkubwa akafuata kwa kidole ya kwenye kompyuta, kama watu wanaokagua hesabu ya harusi. Zikalingana mpaka mwisho.

Kompyuta yenyewe alishaifuta yote. Hakuna michezo, hakuna miziki ya wateja, hakuna flashi ya mtu kuchomekwa. Sasa akainama chini ya meza akachomoa waya wa intaneti.

"Sasa neno la siri," akasema. "Geuka."

"Mimi?"

"Wewe. Geuka uangalie kalenda."

Mwiba akageuka huku anasonya. Dada Mkubwa akaandika sentensi nzima, ndefu, ya kipuuzi, ambayo hajawahi kumwambia mtu. Kwanza alikuwa ameanza kuandika lile jina ambalo Baba alikuwa akimwita wakiwa wawili tu. Kijiko. Kwa sababu utotoni hakulala bila kushika kijiko mkononi, na Baba ndiye aliyekuwa anakuja kukichomoa taratibu akishapitiwa na usingizi. Hata Mama hakulijua jina hilo. Lakini mkono ukakataa, akalifuta, akaandika mambo mengine.

Kisha pochi ikamletea maneno. Kumi na mawili. Maneno ya kawaida tu yaliyopangwa bila maana, kikapu, theluji, msumari, na mengine ya namna hiyo.

"Haya ndiyo yenyewe," akanong'ona. "Kompyuta ikiibiwa, ikiungua, haya maneno yanarudisha kila kitu. Na mtu mwingine akiyaona..."

"Kila kitu kinakuwa chake. Ushaniambia mpaka naota. Hatupigi picha, hatutumiani kwa simu, hatutoi kopi."

"Na tuko kwenye duka la fotokopi."

Wakacheka kidogo. Ndicho kicheko cha mwisho cha siku ile, kwa hiyo kihesabuni.

Aliyaandika kwa kalamu, mara mbili, kwenye karatasi mbili. Kisha akafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Akaifuta pochi yote, akaanza upya, akayaingiza maneno moja moja kutoka kwenye karatasi. Pochi ikarudi ile ile. Akafanya hivyo na kwa karatasi ya pili. Ikarudi.

"Moja inakaa na mimi," akasema, akaikunja akaitia ndani ya kiatu. "Ya pili iende nyumbani, kwenye sanduku la chuma. Duka likiungua, nyumbani ipo."

Mwiba akaipokea kwa vidole viwili kama mtu aliyepewa kaa la moto.

"Nimwambie Mama ni nini?"

"Mwambie ni karatasi muhimu tu. Aifungie."

Mwiba akatoka kwa mlango wa nyuma. Dada Mkubwa akairudisha ndoo, safari hii akaijaza maji.

*

Akachomeka waya. Akampigia Mzee Kreni.

"Binti yangu! Mmemaliza?"

"Tumemaliza, mzee."

"Nisomee mwanzo wa namba ya pochi. Na mwisho wake."

Akamsomea. Mzee Kreni akarudia. Sauti yake nzito, ya pole pole, ile ile iliyosoma salamu za rambirambi makaburini.

"Natuma kidogo kwanza. Ikifika hiyo, natuma mzigo wote. Hivyo ndivyo watu wazima wanavyofanya."

Kidogo kikafika. Kitu cha kununulia mkate. Dada Mkubwa akakitazama kwenye kompyuta, macho yakamjaa maji. Alimwona Mama anasoma bango la barabarani. Alimwona Mama anamkaripia kwamba sketi ni fupi.

"Kimefika, mzee."

"Haya. Niache nitayarishe mzigo. Na binti... hakuna mwingine aliyeona hayo maneno?"

"Hakuna, mzee."

Akakata simu. Na simu hiyo hiyo, ikiwa bado mkononi, ikalia tinng.

Grupu la familia. Damu Moja.

Mama ametuma picha.

*

Ngojeni niwaeleze kitu, halafu mtaelewa kwa nini Dada Mkubwa alikaa chini sakafuni.

Zamani nyumba yao iliungua. Hakufa mtu, lakini kila karatasi iliteketea. Vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, kadi za kliniki, hati ya kiwanja. Miaka wakawa wanazunguka maofisini kuthibitisha kwamba wamezaliwa. Mama aliambiwa na karani kijana, mbele ya watu, "Kwa rekodi zetu, mama, wewe hujaolewa." Baba akacheka mpaka akashika ukuta. Mama hakucheka.

Kuanzia hapo Mama akaweka sheria yake. Karatasi yoyote ya maana ikiingia nyumbani, inapigwa picha, inatumwa kwenye grupu, ikae kwa wote. Moto hauwezi kuchoma simu za watu wote kwa pamoja. Mle ndani kuna picha za chanjo, ripoti za shule, vipimo vya macho, hata dhamana ya feni.

Na Mwiba amefika nyumbani, amempa Mama karatasi, amemwambia maneno yale yale aliyotumwa. *Mama, hii ni muhimu. Ifungie.*

Unategemea Mama afanye nini?

Dada Mkubwa akafungua picha. Karatasi yake, mwandiko wake. Lakini kwenye kona ya chini, kama kawaida ya picha zote za Mama, dole gumba lilikuwa limeingia. Limeziba. Neno la mwisho halionekani hata kidogo!

"Asante Mungu," akasema kwa sauti. "Asante kwa dole la Mama."

Tinng.

Picha ya pili. Chini yake Mama ameandika: *Ile kidole kimeingia. Hii ndiyo nzuri.*

Yote kumi na mawili. Wazi, safi, hata nukta zinasomeka.

*

"Mama! Mama, ifute hiyo picha!"

"Ipi mwanangu?"

"Hiyo ya karatasi! Zote mbili! Futa sasa hivi!"

"Mbona unanifokea? Si mmesema ni muhimu? Nimeitunza."

"Futa, Mama, tafadhali!"

"Sioni vizuri hapa... Imeniuliza maswali. Nimebonyeza. Haya, imetoka."

Dada Mkubwa akaangalia simu yake. Picha zipo.

"Mama, umebonyeza wapi?"

"Pale chini. Imeondoka kabisa, kwangu haipo."

Kwake haipo. Alikuwa ameifuta kwenye simu yake peke yake. Kwa wengine wote picha imebaki, na yeye aliyeituma hawezi tena kuigusa.

"Nimekosea nini, mwanangu?" Sauti ya Mama ikawa ndogo. "Niambie. Nimefanya nini?"

"Hujakosea kitu, Mama. Nitakupigia."

Katika grupu wako watu wachache tu. Mama, mabinti wake wawili. Na Baba Mdogo, ndugu wa marehemu, yule aliyelichukua gari la Baba hata udongo wa kaburi haujakauka, akisema analitunza.

Tinng. Baba Mdogo ameandika: *Shemeji, shairi hili umetunga mwenyewe? Halina vina.*

Ameona.

Dada Mkubwa akampigia Mzee Kreni. Ikaita. Ikaita. Ikapokelewa.

"Mzee, usitume! Usitume mzigo!"

"Nimeshabonyeza, binti. Upo njiani. Ukishaondoka haurudi. Kuna nini?"

Akakata bila kujibu.

Ilibaki njia moja. Atengeneze pochi nyingine, maneno mengine, na mzigo ukiingia tu kwenye ile ya kwanza auhamishe kabla Baba Mdogo hajajua lile shairi ni kitu gani. Akafungua pochi mpya. Maneno yakaja. Akanyakua karatasi kwenye trei ya mashine, akaandika kama mwanafunzi aliyeambiwa muda umekwisha. Kiduara cha kusubiri kwenye kioo kikazunguka. Zunguka, mjinga wewe, zunguka.

Simu ikaita. Mwiba.

"Dada, niko na Mama hapa, nimerudi ndani mbio. Ni kosa langu..."

"Nyamaza kwanza! Kaa na Mama!"

Pochi mpya ikafunguka. Na kwenye ile ya zamani, hapo hapo, mzigo ukaingia.

Jamani. Hakuwahi kuona fedha nyingi kama zile. Jicho la Mama lilikuwa mle, na miaka ya Baba ya kuamka gizani, na vidonda vya mikono yake.

Akanakili namba ya pochi mpya. Akabandika. Akaangalia mwanzo, akaangalia mwisho. Tuma. Pochi ikauliza neno la siri. Akaiandika ile sentensi ndefu ya kipuuzi. *Si sahihi.* Akaandika tena, polepole, akiuma mdomo. Ikakubali. Tuma.

*Salio halitoshi.*

Akatazama juu ya dirisha la pochi.

Sifuri.

*

Hakulia. Kuna mambo yanakausha machozi kabla hayajatoka. Alichukua simu akampigia Baba Mdogo.

"Rudisha."

"Salamu kwanza, binti yangu, au siku hizi..."

"Ulichukua gari tukanyamaza! Haya ni macho ya Mama! Rudisha, Baba Mdogo, nitakuja hapo na polisi!"

"Nirudishe nini? Binti, mimi niko kwa kinyozi, nusu ya kichwa ina povu! Simu ameishika yeye, mimi nilisoma tu lile shairi nikaandika mzaha. Muulize. Fundi, mwambie!"

Sauti nyingine ikaingia, ya kinyozi, ya mtu asiye na shida na dunia. "Ni kweli, dada. Na asipoacha kutingisha kichwa nitamkata sikio."

Dada Mkubwa akashusha simu.

Kama si yeye, ni nani? Mama haoni. Mwiba yuko na Mama. Yeye mwenyewe yupo hapa, na kiatu chake kina karatasi. Watu wa grupu wameisha.

Akaifungua Damu Moja tena. Akaiangalia ile picha nzuri. Chini yake palikuwa na kitu ambacho hakikuwepo mwanzo. Moyo mdogo mwekundu. Mtu ameipenda picha.

Akaugusa ule moyo aone ni wa nani.

*Baba.*

Hakuna aliyewahi kumtoa kwenye grupu. Siku moja Mwiba alitaka, Mama akamshika mkono akasema mwache akae na watu wake. Simu yake haikurudi na sanduku. Walisema imepotea bandarini.

Akampigia mdogo wake. "Mwiba." Sauti yake haikuwa yake. "Uko na Mama bado?"

"Nipo."

"Angalia nani ameweka moyo."

Akaangalia. Halafu Mwiba akaongea haraka haraka, kama mtu anayefunga dirisha mvua ikiingia. "Dada, sikiliza. Namba ikikaa bila kutumika kampuni inaiuza tena. Mimi ndiyo kazi yangu, naziuza kila siku. Ni mtu tu kanunua laini. Ni mwizi wa kawaida. Umenisikia? Mwizi wa kawaida."

Dada Mkubwa alitaka sana kumwamini. Nusu alishamwamini.

Simu ikatetemeka. Ujumbe haukuja kwenye grupu. Ulikuja kwake peke yake, kutoka namba ya Baba.

*Kijiko. Nimezichukua mimi. Mama yako atapasuliwa Ijumaa, nitalipa. Usimwambie Kreni chochote.*

Watu wawili tu duniani waliwahi kulijua jina hilo. Mmoja ni yeye. Wa pili walimzika, ndani ya bati lililochomelewa ambalo hakuna mtu wa familia aliyeona ndani yake. Walimwamini aliyelisindikiza.

"Dada? Dada, kuna nini?" Mwiba anaita. "Dada!"

Simu ikaonyesha kuna mwingine anapiga. Mzee Kreni.

Akapokea. Sijui kwa nini alipokea. Labda kwa sababu tumefundishwa hivyo, mtu mzima akipiga unapokea.

"Binti yangu," ile sauti nzito ikasema, pole pole. "Mzigo umefika?"

Akafumba macho. Hakuwa amezoea kudanganya wakubwa.

"Umefika, mzee. Asante."

"Vizuri. Uko nao hapo kwenye pochi?"

"Ninao hapa, mzee."

Mzee Kreni akavuta pumzi.

"Huku mimi naona kila mzigo unakokwenda, binti. Sarafu hizi hazijifichi. Naona umeingia, na naona umetoka." Sauti ikashuka, na upole wote ukawa umekwisha. "Nani mwingine ana maneno hayo? Amekuandikia? Amekuitaje?"

Dada Mkubwa akaifunika simu kwa kiganja.

Nyuma ya duka, ile ndoo aliyoijaza maji ikaanguka.